Nilivyoicheka Bei ya Pikapu

Mimi nina hasira. Niseme mapema, ili asiyependa kelele afunge kitabu. Mama anasema nilitoka tumboni nimekunja ngumi, na sekondari niliitwa na mwalimu wa nidhamu mara nyingi kuliko nilivyoitwa ubaoni. Lakini hasira zote hizo zilikuwa za kujifunzia. Hasira yenyewe niliijua nilipoanza kutafuta pikapu.

Mume wangu ni seremala. Karakana yake iko Kanyenye, hapa Tabora, nyuma ya maduka, na anatengeneza vitanda vya mninga. Yeye anatengeneza, mimi nauza. Ukimwachia auze mwenyewe, atampa mteja kitanda halafu amshukuru. Wateja wetu wakubwa hawako mjini. Wako Urambo, wakulima wa tumbaku. Mkulima wa tumbaku akilipwa, wiki ya kwanza ananunua kitanda. Wiki ya pili ananunua spika kubwa na kumalizia pikipiki ya shemeji yake. Wiki ya tatu anakuuliza kama unakopesha. Kwa hiyo mtu wa vitanda ana wiki moja tu ya kuwa Urambo, vitanda vyake vikiwa vimesimama barabarani vinang'aa. Ukichelewa wiki hiyo, umekwenda kutembea.

Shida ni kuvifikisha. Msimu mmoja tulikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kitanda cha sita kwa sita kilipopanda, kigari kikaonekana kama kifaranga kilichobebeshwa mama yake. Msimu uliofuata tukakodi pikapu ya jirani. Jirani akawa anapandisha kila mwaka. Mwaka wa kwanza alisema ni mafuta. Mwaka wa pili matairi. Mwaka wa tatu akasema ni "hali".

"Hali ya nani?" nikamuuliza.

"Hali ya jumla, mama."

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu: tunanunua pikapu yetu kabla tumbaku ya mwaka huu haijalipwa. La sivyo, vitanda ishirini vilivyopo karakana tutavilalia wenyewe, kimoja kimoja kwa zamu.

Tulikuwa na milioni kumi na mbili. Humo ndani mlikuwa na cherehani yangu, ng'ombe wa urithi wa mume wangu, na miaka minne ya kumwambia mtoto wetu wa kwanza kwamba soda ni mbaya kwa meno. Kwa kuwa mume wangu ni mtu wa kuanzia juu, akapiga simu Dar es Salaam, kwa wauza magari mapya. Akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie.

"Karibu bosi, unahitaji kebini moja au mbili?"

"Moja. Ya kubebea vitanda."

Yule kijana wa simu akataja bei. Akaitaja taratibu, kwa heshima, kama daktari anayempa mtu majibu. Mume wangu akaitazama simu. Kisha akasema, "Asante, ngoja niwasiliane na familia," akakata. Familia nilikuwa mimi, nimekaa naye kwenye benchi moja. Kwa hela ile mtu ananunua Bukene nzima, na stesheni yake, na treni ikiwa imesimama.

Tukashuka kwenye zilizotumika. Kwenye simu tuliona moja huko Japani, imesimama kwenye majani mabichi kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha. Bei ikatupendeza. Tulifurahi kama dakika kumi hivi. Kisha akaja mtu anayeelewa mambo ya bandarini, akatufundisha: hiyo ni bei ya gari likiwa huko huko kwao. Bado meli. Bado ushuru. Bado mtu wa kulitoa. Bado mafuta ya kulileta Tabora. Alipomaliza kujumlisha, gari lilikuwa limeshazaa gari la pili, na sisi ndio wa kulea wote wawili.

Ndipo tukaangukia kwa dalali. Dalali anatuma picha na maneno matatu: pikapu kali, injini haijaguswa, maongezi yapo. Tulikwenda kuiangalia hiyo ambayo injini haijaguswa. Kweli, haikuwa imeguswa. Haikuwepo. Na kwa gari hilo lisilo na injini, lenye mlango mmoja uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, alitaka milioni kumi na nane.

"Mwaka jana ningekupa kwa kumi na nne, dada," akaniambia. "Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nakusanya kumi na nne, mjinga wewe! Hilo nilimwambia. Mtoto wetu wa pili, niliyembeba mgongoni, akaamka.

Sasa nije kwa mzee.

Mtaa wa pili kutoka kwetu alikuwa anakaa mzee wa Kigogo, mstaafu wa reli. Alikuja Tabora kijana, akafanya kazi mpaka mvi, na sasa alikuwa anajiandaa kurudi kwao Dodoma. Mimi ni Mnyamwezi. Mnyamwezi na Mgogo ni watani, tangu enzi za misafara. Wazee wetu walikuwa wanabeba mizigo kutoka huku kwenda pwani, na njia ilipita Ugogo, na Ugogo maji ni ya kutafuta. Wenye visima wakawatoza hongo: lipa ndipo upite, lipa ndipo unywe. Baada ya kugombana kwa muda mrefu wakaona bora wataniane. Kwa hiyo mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kitu chako, kukuchekea kwenye msiba wako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na unatozwa faini.

Fikiria mtu kama mimi kupewa mtani.

Huyu mzee ndiye aliyeingia kwenye kaburi la babu yangu siku ya mazishi. Jeneza limefika, watu wanalia, yeye kajilaza chini kaburini, kakunja mikono kifuani, anasema nyumba hii ni yake, aliipata kwanza. Aligoma kutoka mpaka akapewa jogoo. Hata shangazi zangu waliokuwa wamezimia walizinduka wakacheka.

Basi nikasikia anauza pikapu yake. Pikapu hiyo naijua tangu niko shule ya msingi. Ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya maziwa ya chai, lakini inaegeshwa kivulini, inafutwa kila asubuhi, na inawaka kwa mara moja. Nikafunga mtoto mgongoni nikaenda.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mpagazi. Mzigo umeutua wapi?"

"Kwako. Nimekuja kudai hongo mliyomtoza babu yangu."

"Babu yako alikunywa kisima kizima akaondoka bila kulipa. Wewe ndiye unadaiwa."

"Nasikia unauza gari."

"Nauza. Milioni kumi na mbili."

Nikacheka.

Nataka mnielewe. Tangu nimfahamu, yule mzee hajawahi kuniambia neno la kweli. Wiki moja kabla alikuwa ametangaza mbele ya watu gengeni kwamba anamwoa mama yangu kwa gunia moja la mtama, na gunia lirudishwe. Na dalali alikuwa ananitajia kumi na nane kwa gari lisilo na injini. Sasa mtu anataja kumi na mbili kwa gari zima linalowaka? Utani mtupu. Nikacheka mpaka nikashika nguzo ya kibaraza. Nikamwambia nampa jogoo mmoja na mguu wa mbuzi.

"Ongeza na mtoto," akasema.

"Mchukue. Hajalala siku tatu."

Mke wake, bibi mnene mpole, alikuwa anachambua mchele. Akacheka mpaka ungo ukamwagika. Nikaondoka moyo mweupe. Nikafika karakana nikamsimulia mume wangu kama kichekesho. Akaweka randa chini.

"Alisema kumi na mbili?"

"Alikuwa anatania."

"Ulimuuliza kama anatania?"

"Mtani anaulizwa?"

Mume wangu akakaa juu ya mbao. Yeye hana hasira hata kidogo, na hilo nalo linaniudhi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mzee kabla hajanywa chai.

"Kumi na nne," akasema.

"Jana ulisema kumi na mbili!"

"Jana ulinicheka. Nikawaza, huyu Mnyamwezi ana macho ya biashara, anacheka nini? Labda nimetaja bei ya kijinga. Nikatoka nikaenda kuuliza mjini. Kumbe kweli nilikuwa mjinga. Asante sana, mtani. Usingenicheka ningeibiwa."

Hasira ikapanda. Nilihisi kabisa inapanda, ikapita tumbo, ikafika kooni, ikakuta mlango umefungwa. Mzee alikuwa ameinua kidole, ananisubiri.

"Kasirika," akasema kwa upole. "Kasirika kidogo tu, nile faini."

Nikaimeza. Nilikuwa na kiungulia siku mbili.

Tukahangaika tukapata laki nane nyingine. Nilipokwenda kumwambia ikawa kumi na sita. Safari hii hakucheka sana. Alikuwa anajenga kwao, nyumba imefika kwenye lenta, na kila akiuliza mabati yamepanda. "Mimi nakutania, mpagazi," akasema, "lakini mabati hayajui utani." Nikamwambia basi na yeye asijue njia ya kwenda kwao, apotee porini aliwe na fisi wa Manyoni. Akasema fisi wa Manyoni ni ndugu zake, watamsindikiza.

Ijumaa moja nikakutana na mke wake mashineni, tumepanga foleni ya kusaga. Akanivuta pembeni.

"Mjukuu wangu, kesho anakuja mtu wa Bukene. Mfanyabiashara wa mpunga. Ana hela mkononi. Mzee ameshaosha gari."

Na Urambo nako habari zilikuwa zimetoka: malipo ya tumbaku ni wiki inayofuata. Vitanda ishirini vilikuwa karakana, vimefunikwa nailoni. Nilisahau unga mashineni. Nilirudi kuufuata jioni.

Usiku huo sikulala, wala sikumlaza mume wangu. Alfajiri nikamwambia: "Amka, tubebe kitanda."

"Kitanda gani?"

"Hiki hiki. Vya kuuza vina vanishi mbichi."

Kitanda chenyewe ndicho alichonitengenezea tulipooana. Mninga mtupu, miguu minene, na kichwani amechonga maua ambayo mpaka leo hatujui ni ya mti gani. Hakuuliza kitu. Huo ndio uzuri wake. Tukakifungua, tukakipakia kwenye mkokoteni pamoja na godoro, mtoto mkubwa nikamwacha kwa mama, mdogo nikamfunga mgongoni. Jua linatoka tuko uani kwa mzee. Bibi alikuwa anafagia. Akatuona tunaunga kitanda juu ya pikapu ya mumewe. Akasimamisha ufagio, akatazama, akaelewa, akaendelea kufagia pale pale alipokwisha kufagia.

Nikapanda. Nikalala chali, mtoto kifuani, nikajifunika khanga kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Mzee akatoka na mswaki mdomoni.

"Nani amekufa?"

"Mimi," nikasema chini ya khanga.

"Umekufa na nini?"

"Na bei."

"Na huyo mdogo?"

"Bado anakata roho."

Mtoto alikuwa anatafuna andazi. Mzee akatema maji ya mswaki, akazunguka gari, akagonga ubavu wa kitanda kwa vidole kama anayenunua tikiti.

"Mnyamwezi, shuka. Mteja wangu anakuja."

"Maiti haishuki. Wewe ulitoka kwenye kaburi la babu yangu bure?"

Kisha nikasikia sauti ya bibi: "Alitoka na jogoo. Na nilimpika mimi."

Mteja akafika saa tatu, na kofia, na mfuko wa nailoni kwapani. Nilimwona kupitia kitambaa cha khanga. Akasalimia, akatazama gari, akatazama kitanda, akatazama miguu yangu.

"Mzee, gari ndilo hili?"

"Ndilo."

"Na huyu juu?"

Mzee angeweza kusema mwizi. Angeweza kusema kichaa, mume wangu angekubali. Lakini uongo wa namna hiyo kwa mtani ni mwiko kuliko kukasirika.

"Mtani wangu," akasema.

Yule mtu wa Bukene akavua kofia. "Aa. Mimi hapo siingii. Gari lililolaliwa na mtani nikilinunua nimemnunua na yeye. Kila nikitaka kupakia mpunga nitamkuta humu ndani kalala." Ila hakuondoka mara moja. Alikaa kibarazani akanywa chai, akala mihogo, akisubiri aone kama nitachoka. Jua likapanda. Mtoto akakojoa, akanilowanisha mimi na godoro. Bibi akaniletea uji, akaninywesha kwa kijiko nikiwa nimelala, maana maiti haikai. Mchana ulipoingia mtu wa Bukene akasema treni yake itamwacha, akaaga kila mtu, na mimi akanipa pole ya msiba.

Mzee akaja akakaa kwenye ukingo wa pikapu, karibu na miguu yangu.

"Mjukuu wangu," akasema, na hakuwahi kuniita hivyo, "utani tuuweke chini kidogo. Sitaki kukuumiza. Nyumba yangu haina paa. Kumi na mbili inaezeka, lakini nitalala ndani ya nyumba isiyo na mlango hata mmoja. Nimefanya kazi miaka yote hiyo. Nataka kufunga mlango wangu mwenyewe, basi."

Nikafunua khanga usoni. Mume wangu, aliyekuwa amesimama ukutani tangu alfajiri kama mtu aliyepotea njia, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Milango mingapi?"

Mzee akageuka. "Sita."

"Ya mninga, na fremu zake. Msimu ukiisha nakuletea mpaka Dodoma kwa gari hili hili. Na kumi na mbili leo."

Mzee akamtazama bibi. Bibi akasema, "Na wa jikoni uwe na dirisha dogo, niwe naona anayekuja." Yakaisha. Wakashikana mikono juu ya miguu yangu.

Nikainuka. "Maiti imefufuka!" mzee akapiga kelele, majirani wakachungulia. Alikuwa amesharudi kwenye hali yake. "Sasa hongo."

"Hongo ya nini tena? Tumeshalipana!"

"Gari tumelipana. Lakini umelala kwenye ardhi yangu asubuhi nzima, mzigo wako umekaa hapa, uji wangu umekunywa. Msafara haupiti Ugogo bure. Kitanda kinabaki."

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu alikuwa anatazama yale maua aliyoyachonga. Nikafungua mdomo. Mzee akainua kidole.

"Kasirika, mtani. Nakungoja."

Nikafunga mdomo. Bibi alikuwa ameshachukua godoro, anaanika kwenye uzio wake mwenyewe.

Urambo tulifika siku ya pili ya malipo. Vitanda vyote ishirini vikaisha kabla ya Jumapili. Mama mmoja alinifuata kwa ukali akauliza mbona sita kwa sita imepanda kuliko mwaka jana. Nilikuwa na sababu nzuri za kumweleza, bei ya mbao, bei ya vanishi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hali, mama." Alinitazama kwa jicho ninalolijua vizuri sana. Nikampunguzia.

Msimu ulipoisha tukapakia milango sita, fremu zake, kitanda, mzee, bibi, kuku wao wanne, na mtoto wangu katikati. Tukaenda. Wazee wangu waliipita njia ile kwa miguu na pembe za ndovu begani, wakafika Ugogo wakalipa hongo. Mimi nimeipita kwa pikapu yangu mwenyewe, kadi ina jina la mume wangu, nikafika Ugogo nikakishusha kitanda changu cha harusi kwa mikono yangu nikakiingiza chumbani kwa Mgogo. Sioni tofauti kubwa. Wao angalau walibeba mali ya watu.

Sasa tunalala chini, kwenye godoro jingine. Mume wangu anasema chetu kitafuata akimaliza oda, na oda haziishi, maana gari lipo. Na kila Jumapili baada ya kanisa simu inaita.

"Mtani," anasema mzee, "nimelala."

"Umelalaje?"

"Kama chifu. Nimefunga mlango, nimelala. Ila kuna chaga moja inalia, upande wa ukutani. Nikigeuka tu, kwii. Mwambie fundi aje."

"Haina dawa hiyo," nikamwambia. "Ilikuwa inanililia mimi miaka sita. Huo ndio upande wangu."